Injini Ikizima Juu ya Kitengela



Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni kufundisha urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, swali lake la kwanza huwa lile lile: je, injini ikizima huko juu? Na kabla sijafungua mdomo ameshajijibu mwenyewe, kwamba ndege itaporomoka na habari zetu zitaishia hapo. Leo nataka tulizungumze swali hilo kwa utaratibu, maana ndilo ambalo mtahini humuuliza kila mtu anayeomba leseni ya rubani binafsi. Tofauti ni kwamba mtahini haulizi kwa mdomo. Anauliza kwa mkono.

Kwanza hofu ile tuiweke pembeni. Kinachoibeba ndege hewani ni mabawa, na bawa linachodai ni hewa ipite juu yake na chini yake kwa kasi ya kutosha. Injini kazi yake ni kuileta kasi hiyo. Injini ikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo, na kasi ikaletwa na mteremko, kama baiskeli inavyoshuka kilima bila kukanyagwa. Cessna 172, ile ndege ambayo mkazi wa Lang'ata huiona kila siku ikipita juu ya paa lake, ina mwendo wake maalumu wa kuelea bila injini: noti 65 hivi katika matoleo mengi, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Ukiushika mwendo huo, na upepo ukiwa umetulia, kila futi 1,000 za kimo unazozitumia zitakusogeza mbele zaidi ya kilomita mbili na nusu. Kwa hiyo aliye futi 3,000 juu ya ardhi ana kama kilomita nane mbele yake na muda usiotimia dakika nne. Dakika nne ni nyingi kwa anayejua afanye nini. Kwa asiyejua hazitoshi hata kufunga mkanda.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinamtaka mwombaji wa leseni hii awe ametimiza miaka 17 na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 akiwa amepitia kozi iliyoidhinishwa. Siku ya mtihani anapimwa mambo mengi: kuongoza safari kwa ramani, kupinda kona kali, kuokoa ndege iliyopungukiwa na kasi, kutua kwenye upepo wa ubavuni. Kutua bila injini ni kipengele kimoja tu katika orodha ndefu, lakini waulize wanafunzi wenyewe ni kipi kinachowakosesha usingizi, watakutajia hicho.

Nikueleze jinsi kinavyokuja. Kona kali zimekwisha, kijana ameanza kupumua vizuri, altimita inasoma futi 8,000 na chini yake ni nyanda za kusini ya Kitengela. Mtahini anauliza jambo dogo, labda juu ya vilima vya Ngong vinavyoonekana upande wa pili. Kijana anageuza kichwa. Mkono wa mtahini unavuta kitasa cha joto la kabureta, halafu kishikio cheusi cha mafuta hadi mwisho wake. Mngurumo unashuka ukabaki mnong'ono, propela inaendelea kuzunguka kwa uvivu mbele ya kioo, na mtahini anasema maneno mawili: "Injini imezima."

Sekunde zinazofuata ndizo ninazozitazama kuliko sehemu nyingine yoyote ya zoezi, na ninachokitazama ni mkono wa kulia wa mwanafunzi. Ndege ilikuwa ikienda noti 100. Rubani mzuri haisukumi pua chini mara moja. Anaishikilia pale pale ilipo, kasi ya ziada ipungue yenyewe huku kimo kikibaki, na inapokaribia 65 ndipo anaiachia pua ishuke. Kisha mkono wa kulia unateremka kwenye lile gurudumu dogo la kusawazisha, lililo katikati, chini ya dashibodi, na kulizungusha mara mbili tatu mpaka ndege ikae kwenye mwendo huo bila kushikiliwa. Mwanafunzi asiyeligusa gurudumu hilo atapigana na usukani hadi chini. Kila anapotazama ramani, au swichi, au shamba, kasi itamponyoka, ama juu ama chini. Aliyeligusa amejinunulia akili yake yote kwa kazi inayofuata.

Nayo kazi inayofuata ni kujua upepo unatoka wapi. Wanafunzi huiona kama jambo la vitabu mpaka uwapigie hesabu. Chukua ndege inayogusa ardhi kwa noti 45, na upepo wa noti 10. Ukiukabili upepo, magurudumu yanagusa udongo kwa noti 35. Ukiupa mgongo, yanagusa kwa 55. Tofauti ya noti 20 si kubwa kuisikia, lakini nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo anayetua upepo ukiwa mgongoni anaubeba mwilini mzigo wa karibu mara mbili na nusu wa mwenzake. Kwa hiyo tunawafundisha waujue upepo kabla haujahitajika: moshi wa tanuri la mkaa, vumbi nyuma ya lori la mchanga, viwimbi kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, kivuli cha wingu kinavyotembea juu ya nyasi. Rubani anayeruka nusu saa bila kujua upepo uko wapi ameshapoteza sehemu ya zile dakika zake nne kabla hazijaanza kuhesabiwa.

Sasa shamba lenyewe. Vitabu vingi vya urubani vinavyotumika kwetu vimeandikwa Uingereza na Marekani, na picha zake ni za malisho ya kijani yaliyozungushiwa miti, mapana na laini. Huku kwetu ardhi ina tabia zake, na lazima isomwe kwa macho ya huku. Uwanda wa Athi ukiutazama kutoka juu ni tambarare ya kuvutia, lakini sehemu kubwa yake ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtu. Mvua za Aprili zikinyesha hugeuka gundi. Gurudumu la mbele likizama tu, ndege inapinduka juu chini. Kuna vichuguu vya mchwa vigumu mithili ya zege, vimefunikwa na nyasi ndefu visionekane. Kuna mashimo ya ngiri na mhanga. Kuna seng'enge. Na kuna nyaya za stima, ambazo rubani hazioni mpaka amezifikia. Kinachoonekana ni nguzo, kwa hiyo tunamwambia mwanafunzi atafute nguzo, na akiona mbili aamini kwamba kuna waya katikati hata kama macho yake yanamwambia hakuna kitu. Barabara nayo humvuta mgeni kwa unyoofu wake, lakini pembeni ya barabara ndiko nguzo zinakopandwa, na juu yake kuna malori ya Mombasa ambayo hayatapisha.

Ardhi kudanganya macho ni jambo la zamani katika kazi hii. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kujifunzia urubani hapa hapa Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, mnamo Septemba 4, 1936, peke yake katika Percival Vega Gull, akaivuka Atlantiki kuelekea magharibi kinyume cha upepo. Alikuwa hewani zaidi ya saa 20. Karibu na pwani ya Kanada injini ikaanza kukatika, kwa kuwa barafu ilikuwa imeziba mfumo wa mafuta, na akalazimika kutua Nova Scotia. Alipopachagua palikuwa bwawa la tope. Pua ya ndege ilizama, yeye akatoka na jeraha kichwani, kwa miguu yake mwenyewe. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu moja: aliharibu ndege, akabaki hai, na kwa kipimo cha kutua kwa dharura hayo ni mafanikio kamili. Kuna wanafunzi wanaojitesa kutafuta shamba ambalo ndege itatua bila mkwaruzo. Wanapita juu ya shamba la kuridhisha, kisha la pili, wakitafuta lililo bora, huku kimo kinakwisha. Injini ikishazima, ndege ni mali ya kampuni ya bima. Magurudumu yang'oke, bawa livunjike, mradi chumba walichokaa watu kifike chini kikiwa kizima na kwa kasi ndogo.

Nirudi kwenye kimo, maana kwetu ndicho kinachowaponza wengi. Altimita tunavyoiweka inasoma kimo juu ya bahari. Wilson yenyewe iko zaidi ya futi 5,500. Kijana anaposoma futi 8,000 moyo wake unatulia, ilhali chini ya miguu yake kuna futi 2,700 hivi, au pungufu, kutegemea alipo. Akielekea Kajiado ardhi inapanda kumfuata. Akivuka Ngong, ambayo kilele chake kinazidi futi 8,000, ardhi inamwangukia ghafla hadi kwenye bonde la Magadi, kama futi 2,000 tu juu ya bahari. Kitabu kinamwambia awe futi 1,500 juu ya ardhi anapofika mkabala na shamba lake. Lakini juu ya ardhi ipi? Ni lazima ajue kimo cha mahali, akijumlishe kichwani, na afanye hivyo huku moyo unamdunda. Ndiyo maana naomba wanafunzi wangu, katika kila safari, hata ya kwenda tu na kurudi, wawe wakitaja kwa sauti: "Ardhi hapa futi 5,200. Nina futi 2,300."

Hewa ya huku juu ni nyepesi, na mchana wa Februari huwa nyepesi zaidi. Kipimo cha kasi kinasoma noti 65, lakini ndege inaikata hewa kwa noti 73 au zaidi. Rubani aliyezoea Malindi akija Nairobi ataona ardhi inamjia haraka kuliko alivyozoea, na kwa woga atavuta usukani apunguze mwendo, na hapo ndipo bawa linapoishiwa na hewa. Kasi ya kwenye kipimo haibadiliki. Kinachobadilika ni umbali ambao ndege itaserereka ikishagusa, na nguvu itakayogonga nayo, iliyozidi kwa robo hivi. Shamba lililotosha pwani halitoshi Kitengela.

Basi kijana amechagua shamba, ameujua upepo, anazunguka kulifikia. Tunamtaka alenge theluthi ya kwanza ya shamba, si ukingo wake. Akikosea akawa juu mno, anazo njia za kushuka: ateremshe flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, apinde kidogo kuongeza njia, aitelezeshe ndege kwa ubavu. Akiwa chini mno hana njia yoyote. Hapo ndipo linapokuja kosa ambalo mwili wenyewe unalitaka. Shamba linapoonekana kuwa mbali, mkono unavuta usukani ili kuinua pua, kana kwamba ndege ikitazama mbele zaidi itafika mbele zaidi. Inafika karibu zaidi, kwa sababu kasi imepungua chini ya ile ya kuelea na ndege sasa inazama. Akiendelea kuvuta, bawa moja linaacha kubeba kabla ya jingine, na kutoka futi 300 hakuna wa kulirudisha. Kutua kwenye miti ya migunga huku unaiongoza ndege kunaokoa watu wengi kuliko kuangukia shamba zuri kutoka juu ukiwa umepoteza uongozi. Nalisema hili kwa uzito wote ninaoweza kuupata kwenye maikrofoni.

Katikati ya hayo yote rubani anatakiwa ajaribu kuiamsha injini, maana visa vingi vya injini kunyamaza chanzo chake ni mafuta: yameisha, au tangi lililochaguliwa ndilo tupu. Mkono unapita kwa mpangilio: swichi ya matangi, kishikio cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, joto la kabureta, magineto, pampu ya mkono. Joto la kabureta watu hulidharau kwa kudhani barafu ni mambo ya Ulaya. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, joto la mle linashuka kwa nyuzi 20 na zaidi, na unyevu uliomo hewani, kama ule wa asubuhi za Julai hapa Nairobi, huganda ukaziba njia ya hewa, hata kama wewe uliye nje umevaa shati tu.

Halafu redio. Wanafunzi wengi huikimbilia kwanza, na namuelewa mtu anayetaka kusikia sauti ya mwenzake wakati kama huo. Lakini mtu wa mnara hawezi kukushikia ndege. Redio inakuja baada ya mwendo, upepo na shamba: Mayday mara tatu, jina la ndege, tatizo, mahali ulipo, idadi ya watu. Transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iwekwe 7700, namba ya dharura. Ikiwa hakuna unayezungumza naye, tumia masafa ya dharura, 121.5.

Na abiria. Siku ya mtihani abiria huwa hayupo, kwa hiyo sehemu hii huimbwa haraka kama dua ya kukariri: mikanda ikazwe, miwani ivuliwe, milango ifunguliwe kidogo kabla ya kugusa ili isije ikabanwa, tokeni kwa kuelekea nyuma ya ndege. Nisingependa iimbwe. Tunao ushahidi karibu na pwani yetu wenyewe wa thamani ya maneno machache yanayosikika. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara. Kapteni Leul Abate aliwaeleza watekaji kwamba mafuta hayatoshi kufika wanakotaka, hawakumsikiliza, na yalipokwisha aliishusha baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, visiwa vya Komoro. Ndani walikuwa watu 175. Walionusurika ni 50. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo waliookoka mgongano wenyewe, lakini walikuwa wameshajaza hewa maboya yao ndani ya ndege, maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Mwanafunzi wangu anapowasemesha abiria wasiokuwepo, namtaka aseme kama anayemwona mama yake kwenye kiti cha nyuma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Mnaikumbuka ile Airbus A320 ya US Airways iliyotua kwenye mto Hudson, New York, Januari 15, 2009, baada ya kugongana na mabata bukini na injini zake kupoteza nguvu, watu wote 155 wakapona. Wachunguzi wa Marekani baadaye waliwaweka marubani kwenye mashine ya kuigiza safari wawajaribie swali ambalo kila mtu alikuwa akiuliza: je, Kapteni Chesley Sullenberger angeweza kurudi uwanja wa LaGuardia, alikopaa? Waliogeuza ndege papo hapo walipopigwa, baadhi yao walifika. Zikaongezwa sekunde 35, muda wa mwanadamu kushtuka, kutambua kilichompata na kukata shauri. Jaribio la kurudi LaGuardia likashindwa. Kati ya kufika na kutofika kuna sekunde hizo 35, na hizo ndizo tunazopaswa kuzifundisha.

Je, tunazifundisha? Naogopa kwamba mara nyingi hatuzifundishi. Kila shule ya urubani ina shamba lake la mazoea. Mwalimu anamvutia mwanafunzi mafuta pale pale, siku baada ya siku, kwa kimo kile kile, upepo ukitoka mashariki kama kawaida yake. Baada ya wiki chache kijana anatua vizuri kupendeza: anajua kwamba akifika juu ya lile boma apinde, na juu ya ule mti mkubwa ateremshe flapu. Mwalimu anaridhika, kitabu cha kumbukumbu kinatiwa sahihi. Lakini kijana huyo hajawahi kuchagua shamba hata siku moja. Alichokijua ni njia, kama dereva wa matatu anavyoijua njia yake. Mpeleke upande wa Konza, ardhi asiyoijua, uvute mafuta: utamwona macho yanatangatanga, mkono haulifikii gurudumu, na zile sekunde 35 zinapita anatafuta boma ambalo halipo.

Na hata hilo shamba la mazoea linakwenda. Aliyeruka juu ya Kitengela miaka ishirini iliyopita aliona nyasi na pundamilia mpaka macho yachoke. Leo ni ploti. Nusu eka, robo eka, kila moja na seng'enge yake, na mabati yanayometameta, na shimo la choo lililochimbwa likaachwa wazi. Sijaja kulaumu mtu aliyejipatia kipande chake cha ardhi; kila mtu anahitaji pa kulaza kichwa. Nasema kwamba mpango wa dharura aliourithi mwalimu kutoka kwa mwalimu wake umejengewa juu yake, na kila anayeruka huko inampasa atazame upya kila mwezi: wapi bado pana nafasi, mtaa gani umesogea, laini ipi mpya ya umeme imepita.

Pale Wilson penyewe mambo yamebanana zaidi. Upande mmoja ni mitaa, Kibera haiko mbali, upande wa pili ni Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Injini ikizima futi 300 baada ya kupaa, kishawishi ni kugeuka kuirudia njia ya kurukia iliyo nyuma tu. Kugeuka huko kunadai zaidi ya nyuzi 180, kwa sababu ni lazima uurudie mstari ulioutoka. Ukiilaza ndege nyuzi 45 ili uwahi, kasi ya chini kabisa ambayo bawa linaweza kubeba inapanda kwa karibu asilimia 19, wakati ambao kasi yako inashuka. Tunawafundisha waende mbele, kulia kidogo au kushoto kidogo, popote penye nafasi. Ikiwa ni mbugani, iwe mbugani, na baada ya kusimama, kama hakuna moto, wakae kwenye ndege wasubiri askari wa wanyamapori, kwa sababu simba wa mbuga ile ni simba kweli.

Zoezi lenyewe pia lina hatari zake, na mwalimu hapaswi kuzisahau. Injini iliyoachwa ikinong'ona kwa futi 3,000 inapoa, plagi zinajaa masizi, barafu inaweza kujikusanya. Kila futi 500 au 1,000 tunaipa mafuta kidogo kuipasha na kuhakikisha bado inaitika. Kukata mafuta kabisa ili zoezi lifanane na ukweli ni jambo ninalolipinga waziwazi. Tukifika futi 500 juu ya ardhi zoezi linakatizwa: mafuta yote, joto la kabureta lirudishwe, flapu zipandishwe kwa awamu, tupae.

Kwa hiyo wewe ambaye mtihani wako uko mbele, na najua mpo mnaonisikiliza, nina ombi. Kabla ya siku hiyo mwombe mwalimu wako akupeleke pale usipopazoea, Konza, Isinya, hata nyuma ya Machakos kwenye mabonde, na avute mafuta bila kukuambia, ukiwa unakunja ramani au unakunywa maji. Mkisha kukatiza zoezi, msiondoke mara moja. Zungukeni mara moja juu ya shamba ulilolichagua, utazame kwa kimo hicho kidogo vitu ambavyo hukuviona ulipokuwa juu: mtaro, mawe, waya mmoja uendao kwenye kisima, mbuzi. Uvitaje kwa sauti, mwalimu asikie. Halafu mpande tena, mwelekee upande mwingine, avute mara ya pili.